Koplo Kisigino Amerudi Nyumbani

Jina la nchi yetu siliandiki. Wizara ya Vita ililizuia tangu mwaka wa pili wa vita, ili adui asijue anapigana na nani. Naomba radhi kwa hilo. Ila nikikuambia kwamba ni nchi nzuri, yenye wizara ishirini na saba na hospitali moja, na kwamba viongozi wake hawapati usingizi kwa jinsi wanavyotufikiria, pengine utaitambua mwenyewe.

Mimi ni karani wa mihuri katika *Mguu Pande*, jarida la vichekesho la jeshi letu. Naitwa Mbaraka, nina miaka hamsini na mitatu na sijawahi kuchelewa kazini hata siku moja. Nayasema haya mapema kwa sababu huko mbele utaniona nikifanya jambo la aibu mbele ya Jenerali, na ningependa ujue kwamba si tabia yangu.

Vita vyenyewe ni vya Kilima cha Nyuki. Nyuki wenyewe walihama siku ya kwanza, hawakusubiri amri ya mtu. Askari wetu thelathini walipanda juu wakachimba mahandaki, adui wakapanda kilima cha pili wakachimba ya kwao, na katikati likabaki bonde ambalo hakuna mwenye haja nalo. Hali ikakaa hivyo miaka mitatu. Kila mwezi wa sita tulifanya sherehe za ushindi.

Sasa, taifa lililo vitani lazima licheke. Hilo alilisema Jenerali Mwinyikambi katika hotuba ya saa tatu na nusu, ambamo wasikilizaji wawili walizimia kwa uzalendo. "Askari anayecheka," alisema, "hawezi kulia kwa wakati huohuo. Jambo hili limefanyiwa utafiti." Ndipo likaanzishwa *Mguu Pande*, na ndipo akaajiriwa Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mjane aliyechora mabango ya vinyozi na ya wauza sharubati. Alikuwa na mkono ambao Mungu hakuwagawia wengi. Akichora buti, unalisikia harufu. Yeye ndiye aliyemzaa Koplo Kisigino, yule askari mwembamba mwenye kofia ya chuma iliyomzidi kichwa na kisigino kinachochungulia nje ya buti. Nchi nzima ilimpenda. Watu wasiojua jina la waziri mkuu walijua kwamba Koplo Kisigino anawaogopa chawa kuliko risasi, na kwamba usiku huwahesabu kwa majina.

Siri ya Bi Somoe ilikuwa mwanawe wa pekee, Shaweji, aliyekuwa kule kilimani. Barua za askari wengine zilipitia kwa wakaguzi, ambao walifuta kila neno lililohusu vita, chakula, afya na hali ya hewa, zikafika nyumbani zikiwa na salamu na sahihi tu. Za Shaweji hazikuguswa. Ziliingia ofisini kwangu, nikazigonga muhuri wa zambarau ulioandikwa MALIGHAFI YA KICHEKO, nikampa mama yake. Kwa hiyo katika jeshi lote alikuwepo askari mmoja tu aliyeruhusiwa kusema kweli, kwa sharti kwamba ichekeshe. Shaweji alilijua sharti hilo na alilitimiza kwa juhudi.

*

Lazima nieleze kuhusu mbavu, maana bila mbavu hutaelewa kilichotokea.

Kila picha ya Bi Somoe ilipelekwa mbele ya Kamati ya Kicheko, yenye Jenerali Mwinyikambi na makanali wawili. Walikutana kila Ijumaa saa tatu asubuhi. Picha ilisimamishwa juu ya kiti, nao wakaitazama. Mjumbe akitabasamu tu, hesabu yake ni sifuri. Akicheka na kushika ubavu mmoja, ni ubavu mmoja. Akishika zote mbili, ni mbili. Kwa hiyo kamati nzima ilikuwa na mbavu sita, na picha iliyopata mbavu mbili ilipita. Makanali kwanza walimtazama Jenerali, kisha picha, kisha Jenerali tena, ndipo wakajua kama inachekesha. Mimi niliandika idadi katika daftari. Karani haruhusiwi kucheka, kwa kuwa anaweza kuvuruga hesabu.

Picha ikishapita, ilikuwa si picha tena, ilikuwa hati. Hili lilianza mwaka wa kwanza. Njia ya kilimani ilikuwa mbaya, na maofisa wa Idara ya Ugavi waliotakiwa kwenda kukagua waliugua wote asubuhi ya safari. Taarifa za maandishi nazo zilikuwa za uongo, jambo walilolijua kwa sababu waliziandika wao. Jenerali akalitatua tatizo kwa sentensi moja. "Hakuna mtu anayecheka uongo kwa mbavu mbili," akasema. "Tutatazama picha." Tangu siku hiyo kilichokuwemo katika *Mguu Pande* ndicho kilichokuwepo kilimani.

Bi Somoe hakuambiwa. Hilo lilikuwa suala la kiutawala.

Basi mwaka wa tatu, sherehe za ushindi zilipokaribia, Jenerali aliomba picha ya furaha. Bi Somoe akamchora Koplo Kisigino amekalia mfuniko wa sufuria kubwa, akijaribu kwa uzito wake wote kuyazuia maharage yasimwagike, na maharage yakimnyanyua juu pamoja na bunduki yake. Mbavu tano. Nikagonga muhuri. Ugavi wakaandika: *Maharage yapo, yamezidi*, wakasimamisha chakula cha kilimani kwa miezi miwili.

Barua ya Shaweji ilikuja wiki ya sita. Aliandika hivi: "Mama, maharage uliyotuchorea ni matamu sana. Tumeyala pande zote mbili za ukurasa. Makame alipewa kipande chenye muhuri, akasema kina chumvi."

Bi Somoe aliisoma akiwa amesimama mbele ya meza yangu. Akacheka kidogo, kama kawaida yake, kisha akaacha kucheka.

"Bwana Mbaraka," akasema, "kwani chakula chao kinaletwaje?"

Nikamweleza. Sikuona sababu ya kuficha, niliona ni utaratibu mzuri. Alivuta kiti changu cha wageni akakaa, akautazama mkono wake wa kulia kwa muda mrefu. Sikuwahi kumwona mtu akiutazama mkono wake namna ile, na nilitamani aondoke.

*

Ijumaa iliyofuata alileta picha ya Koplo Kisigino aliyekonda. Hakukuwa na utani wowote ndani yake. Mbavu zilionekana, macho yameingia ndani, mdomo umekauka.

Kamati ilitazama. Kanali wa kushoto alikohoa.

"Mbavu naziona," akasema Jenerali, "lakini ni za kwake, si zangu. Chekesho liko wapi, mama?"

"Hakuna chekesho, Mheshimiwa. Wana njaa."

"Njaa si mbaya. Njaa inaweza kuchekesha sana ikichorwa vizuri. Sisi hatuzuii ukweli, tunazuia huzuni." Akanigeukia. "Andika sifuri. Na umwandikie onyo. Picha nyingine ya namna hii na barua za mwanawe zitapelekwa kwa wakaguzi kama za watu wengine."

Niliandika onyo kwa mwandiko wangu bora.

Alichora kwa wiki nzima. Alipokuja tena, macho yake yalikuwa mekundu na picha ilikuwa moto. Koplo Kisigino amevaa aproni juu ya sare, suruali imemshuka hadi magotini kwa sababu mkanda wake unachemka sufuriani. Anaonja mchuzi kwa upawa, kidole juu, kama mpishi wa arusi. Nyuma yake kikosi kizima kimepanga foleni, kila mmoja ameshika suruali kwa mkono mmoja na sahani kwa mwingine. Chini aliandika: *Bado chumvi.*

Jenerali alianguka kutoka kwenye kiti. Makanali wakahakikisha kwanza kwamba ameanguka kwa kucheka, kisha nao wakaanguka. Mbavu sita, mara ya kwanza katika historia ya kamati. Bi Somoe alisimama pale akiwatazama watu wazima wakigaagaa sakafuni, mikono ameikunja kifuani, akisubiri chakula cha mwanawe.

Ugavi walishughulika haraka, siwezi kuwalaumu. Ndani ya siku nne walipeleka kilimani mikanda mia nne ya ngozi, daraja la kwanza, na kilo mbili za chumvi, wakaandika kwamba chakula cha kilimani sasa ni hicho.

"Mama," aliandika Shaweji, "chumvi imefika. Asante sana."

*

Lazima niwe mkweli kuhusu barua iliyofuata, maana sikuigonga muhuri na mbali na Bi Somoe hakuna aliyejua mpaka leo.

Jarida lilipelekwa kilimani kwa ndege ndogo, likamwagwa kutoka juu, na upepo ukalipuliza nusu upande wa adui. Kumbe na wao walilisoma. Walimjua Koplo Kisigino tangu toleo la pili. Shaweji aliandika kwamba baada ya picha ya mkanda, waliamka asubuhi wakakuta gunia la mihogo limeviringishwa bondeni, juu yake pana karatasi: *Msile mkanda, unafunga choo.* Kwa wiki tatu walikuwa wakitupiwa mihogo na wao wakitupa chumvi. Makame, mwenye sauti, alikuwa akiwasomea jarida kwa kipaza cha bati, nao wakicheka kutoka ng'ambo.

Nilimpa Bi Somoe barua ile kwa siri, nikamwona akiisoma mara tatu. "Watoto wa watu," akasema. "Mungu awaweke." Hakuichora. Alishajua sasa kinachotokea kwa vitu anavyovichora.

Lakini majenerali wa adui nao si wajinga. Waliwahamisha wale askari, wakaleta wengine wasiojua kusoma. Mihogo ikakoma.

Barua ya mwezi uliofuata ilikuwa fupi. "Mama, tulikuwa thelathini, sasa tupo kumi na mmoja, kwa hiyo nafasi ya kulala imeongezeka. Makame amehama, hatakuwa akisoma tena. Meno yangu yanacheza. Nikiongea yananipigia ngoma. Tungeshuka, lakini hatuna amri, na asiye na amri hupigwa risasi njiani. Tuchoree amri, mama, wewe una mkono mzuri."

Bi Somoe aliweka barua mezani kwangu. Mikono yake ilikuwa imetulia, jambo lililonitia hofu.

"Picha ikipita inakuwa kweli," akasema. "Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Nikimchora yuko nyumbani, atakuwa yuko nyumbani."

"Kwenye karatasi, ndiyo."

"Wakubwa wanaishi kwenye karatasi, Bwana Mbaraka. Vijana watashuka na jarida mkononi. Nani atawapiga risasi watu ambao Jenerali mwenyewe amewagongea muhuri kwamba wameshafika?"

Nililifikiria jambo hilo kwa uzoefu wangu wote wa miaka ishirini na tisa ya ukarani na sikuona kasoro. Nakuapia, sikuiona.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote. Koplo Kisigino amesimama kwenye mlango wa kwao, mguu sawa, anamsalimu mama yake kijeshi. Mama ameshika mwiko kama bunduki, anamkagua: masikio, kucha, nyuma ya shingo. Mkekani kuna sinia la wali. Chini imeandikwa: *Afande mama, naomba ruhusa ya kukaa.*

Jenerali alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Wamerudi," akasema akijifuta. "Vijana wetu wamerudi, na mimi sikuwa na habari. Hongera, mama." Mbavu sita.

Toleo lilimwagwa kilimani Jumatatu. Siku hiyohiyo Bi Somoe alinunua samaki na nazi. Jumanne alikuwa kituo cha malori tangu alfajiri, na hotpoti mapajani. Jumatano alipika upya, akarudi. Alhamisi vilevile. Nilipita hapo baada ya kazi nikamkuta amekaa kwenye kreti, anaipapasa hotpoti kuona kama bado ina moto. "Ni mwendo wa siku mbili kwa miguu," akaniambia, "na miguu yao haina nguvu." Nikasema ndiyo, huenda ni miguu.

Alhamisi hiyo gazeti la serikali lilitangaza kwamba Idara ya Mizinga, iliyokuwa ikinyimwa ruhusa miaka mitatu kwa sababu kilimani palikuwa na watu wetu, sasa imeruhusiwa. Aliyebaki juu ya Kilima cha Nyuki hawezi kuwa mwingine ila adui. Ingepiga kesho yake, Ijumaa, saa nne asubuhi. Wananchi waliombwa wafungue madirisha ili vioo visipasuke, na wafurahie.

*

Ijumaa saa tatu kasoro dakika tano, polisi wa jeshi wanaolinda kizuizi cha njia ya kilimani waliniletea barua. Barua inayokwenda kwenye muhuri wa zambarau waliiheshimu kuliko kitu chochote. Nilimpa Bi Somoe, aliyekuwa amenifuata ofisini na hotpoti yake. Aliisoma kwa sauti.

"Mama, tumesoma kwamba tumerudi nyumbani, tumefurahi sana. Tulishuka wote kumi na mmoja. Kizuizini polisi wakatufungulia jarida, wakatuonyesha kwamba tumekwisha kufika tangu Jumatatu, wakauliza sisi basi ni akina nani. Wakasema kwa huruma hawatatupiga risasi, turudi tulikotoka. Tunapanda tena. Mama, niambie, nilifika salama? Nilikula nini?"

Hakulia. Alitazama saa ya ukutani, kisha akapita mbele yangu mpaka chumba cha kamati, nami nikamfuata na daftari. Ilikuwa saa tatu kamili na wajumbe walikuwa wanakaa. Aliiweka barua mbele ya Jenerali.

Jenerali akaisoma. Mabega yake yakaanza kutikisika. "Nilikula nini," akasema, akashika mbavu zote mbili. Makanali wakashika zao. "Hii ichapwe kama ilivyo, mama. Kijana wako amekuzidi."

"Mheshimiwa, si utani. Wako kilimani. Sitisha mizinga."

"Utani ukielezwa unaharibika."

"Wako kilimani, Jenerali. Mwanangu yuko kilimani."

Jenerali alivua miwani. Nilidhani ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa, ila alikuwa mtu wa utaratibu. "Ipo picha yenye mbavu sita inayosema wamerudi," akasema taratibu. "Mimi siwezi kuivunja hati kwa barua. Hati huvunjwa kwa hati. Unataka wawe kilimani? Wachore kilimani. Kamati iko hapa mpaka saa nne kasoro tano. Mbavu mbili tu, mama. Simu ya mizinga ile pale."

Akapewa karatasi na kalamu yangu. Alichora akiwa amepiga magoti, karatasi juu ya kiti. Mkono uliochora nchi nzima ikacheka aliushika kwa ule wa pili. Aliwachora wote kumi na mmoja juu ya kilima, wanapunga mashati kuelekea kwenye mizinga. Mbele kabisa Koplo Kisigino amefungua *Mguu Pande*, ukurasa wa yeye kuwa nyumbani, kwa kidole anajionyesha mwenyewe kwa askari wa mizinga ili wamlinganishe. Mistari ilikuwa imepinda. Maneno hakuandika. Nadhani hakuyapata.

Saa nne kasoro dakika kumi, picha ikasimamishwa.

Kanali wa kulia alimtazama Jenerali. Kanali wa kushoto alimtazama Jenerali. Jenerali aliitazama picha, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, kwa haki kabisa.

"Imekosa wepesi," akasema.

Hapo ndipo nikafanya lile jambo la aibu. Nilicheka. Nilianza na kicheko kidogo cha puani, kisha nikakifungulia, nikaweka daftari chini, nikashika ubavu wa kulia, nikashika na wa kushoto, nikainama, nikapiga ukuta kwa kiganja. Nilicheka kama mwendawazimu, miaka ishirini na tisa ya kutocheka ikitoka yote kwa mkupuo. Nilimtazama kanali wa kushoto machoni nikimsihi anifuate, na naapa pembe ya mdomo wake ilitikisika. Bi Somoe naye akaanza kucheka, magoti bado sakafuni, machozi yakimtiririka, akiwanyooshea kidole vijana wake. Tulicheka sisi wawili mpaka pumzi zikatuishia.

"Mbavu za karani hazihesabiwi," akasema Jenerali, bila ukali. "Na za mchoraji pia. Andika sifuri, Mbaraka."

Nikaokota daftari. Niliandika sifuri. Mkono ni wangu, mwandiko ni wangu, upo katika daftari mpaka leo, ukurasa wa mia moja na kumi na tisa. Saa nne madirisha yote yalikuwa wazi.

Mizinga ilipiga kwa dakika arobaini. Kamati ilikuwa imekwenda kunywa chai. Bi Somoe alibaki chumbani, akaniomba karatasi nyingine. Nilidhani anataka kuchora, lakini aliandika, polepole, akisimama kidogo kila mlio ukija na kuendelea ukipita. Alipomaliza alinipa. Kazi yangu inanitaka nisome kila kitu, kwa hiyo nilisoma.

"Mwanangu Shaweji, ulifika salama, Jumatatu jioni. Ulikula wali wa nazi na samaki, ukaomba ukoko, nikakupa wote. Meno hayakukusumbua. Nilikukagua masikio, yalikuwa machafu. Ulilala kitandani kwako mpaka jua likaingia dirishani, sikukuamsha. Mimi mama yako."

Alikuwa amenyoosha mkono akisubiri nimrudishie barua ikiwa tayari kutumwa. Nikafungua kidau cha wino. Nikaigonga muhuri wa zambarau, maana sikuwa na mwingine.